Paa la shaba

Nilifuta nyumba ya nkambo wangu kwa kidole kimoja. Si nyumba ya kweli. Ile ya kweli, iliyokuwa Kipushi, iliuzwa baada ya kilio chake, na walioinunua wakaibomoa. Niliyoifuta mimi ni ile niliyoijenga ndani ya simu, katika mchezo wa Minecraft, kwa miezi miwili, kila usiku umeme uliporudi.

Kwa wasioujua mchezo huu: ulitoka rasmi mwaka 2011, na aliyeuanzisha ni Markus Persson wa Uswidi. Dunia yake yote imefanywa kwa michemraba, kila mmoja wa mita moja kwa mita moja. Ukichagua hali ya ubunifu, hupigani na adui wala husikii njaa. Unapewa matofali ya kila aina bila kikomo, unaachwa ujenge. Hakuna alama wala mshindi. Hata hivyo mimi nilipata njia ya kushindwa.

Mwenzangu wa darasa alinionyesha video ya maktaba ambayo shirika la Reporters Without Borders lilifungua ndani ya mchezo huo mwaka 2020, ili makala zilizokatazwa katika nchi mbalimbali zipate kusomwa. Nguzo, kuba, kumbi ndefu. Matofali zaidi ya milioni 12. Niliporudi kwangu nikakuta vyumba viwili, baraza, na mti niliouita mwembe, maana mchezo hauna mwembe. Nikaona haya. Nikaweka nguzo mbili mbele ya baraza. Nikaongeza ghorofa, ingawa nkambo hakuwahi kulala ghorofani hata siku moja. Kila nilichoongeza kiliifanya nyumba izidi kuwa ya mtu mwingine. Usiku wa tatu nikafuta yote, nikalala.

Jumapili mdogo wangu, mwenye miaka tisa, akaomba simu kama kawaida yake. Akatafuta, kisha akanijia:

“Yaya, kwa nkambo njo wapi?”

Nkambo alipofariki, huyu mtoto alikuwa na miaka miwili. Nyumba ya Kipushi haikumbuki. Ile ya simu ndiyo pekee aliyoingia akiwa na akili ya kukumbuka. Nikamwambia nitaijenga tena, nzuri kuipita ya kwanza. Akatikisa kichwa.

“Apana. Ile ile.”

Sisi wa isimu tunafundishwa kulinganisha. Katika uainishaji wa Guthrie, Kiswahili ni G42, Kibemba ni M42, Kiluba ni L33. Herufi na namba hizo zinatusaidia kujua lugha iko wapi na imepangwa pamoja na zipi. Hazisemi popote kwamba L33 imeshindwa na G42. Tunaweka neno kando ya neno ili tuone undugu. Lakini mimi ninayelinganisha “muntu” na “mtu” kwa utulivu darasani, nikikutana na mtu wa Dar es Salaam naificha “njo” yangu, kana kwamba ni kosa. Nyumba ya nkambo niliilinganisha kwa namna hiyo ya pili. Sikuuliza ile maktaba ilijengwa na nani wala kwa ajili gani. Ilijengwa na kikosi cha wajenzi waliobobea, ili dunia nzima iione. Yangu ilikuwa na mgeni mmoja.

Nilianza upya, na nikajiwekea sharti: nisitazame kazi ya mtu yeyote mpaka nimalize. Nilipokwama, nilimwuliza mama. Ngazi za baraza zilikuwa tatu. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeweka tano. Dirisha la jikoni lilitazama njia, si uani, kwa sababu nkambo alitaka kujua nani anapita. Hakuna video ambayo ingenifundisha hayo.

Kwa paa nilichagua shaba. La kweli lilikuwa la mabati yaliyoshika kutu, lakini chuma cha mchezo huo hakishiki kutu. Shaba, iliyoingizwa mwaka 2021, hubadilika polepole yenyewe hadi kuwa ya kijani, isipokuwa ukiipaka nta ya sega la nyuki. Mdogo wangu alitaka tuipake ibaki inang'aa. Nikamwambia tuiache izeeke, kama ya nkambo ilivyozeeka.

Juzi yule mwenzangu aliiona. Akasema paa hilo lenye madoa halipendezi, na jikoni ni pembamba mno. Nikamjibu kwamba jikoni kweli lilikuwa pembamba. Watu wawili hawakupishana. Mdogo wangu alikuwa amenyoosha mkono akidai simu. Nikampa.