Shamisen na lulanga yetu

Mwaka jana sisi wa shirika tulikosana juu ya lulanga. Vijana wetu wa hapa Bukavu walitaka kuipiga pamoja na gitaa ya umeme, tena wavae nguo za magome na miwani nyeusi. Mzee mmoja akasimama: « Hapana, batoto bangu. Hiyo haiko tena mila, iko mchezo. » Tukanyamaza. Wengi wetu tulikuwa upande wake.

Kijana mmoja akatuonyesha kwa simu yake kundi la Japani, Wagakki Band, lililoanza 2013 na kusimamisha kazi mwisho wa 2024. Ni watu wanane: ngoma kubwa, filimbi ya mwanzi, koto na shamisen, pamoja na gitaa za roki, wamevaa kimono zilizopambwa kama za tiyatri. Mzee akacheka: « Aba nabo banapoteza mila ya bankambo yabo! »

Ndipo tukatafuta habari ya shamisen hiyo. Ni chombo cha nyuzi tatu, kilichowambwa ngozi. Kumbe asili yake si Japani: ilitoka China, ikapita visiwa vya Ryukyu, ikafika kule katika karne ya 16. Nao mtindo wa Tsugaru, wenye mbio na nguvu, ulikuzwa na vipofu maskini waliopiga mlango kwa mlango kusudi wapate chakula. Takahashi Chikuzan (1910-1998), aliyeharibika macho akiwa mtoto, aliishi hivyo ujanani. Zamani watu waliwadharau. Leo wanauita urithi. Hata mavazi ya ajabu si mapya: mwanamke Okuni, aliyeanzisha kabuki kule Kyoto mwaka 1603, alicheza amevaa kiume, watu wakashangaa.

Lakini tuliona neno lingine pia. Ndugu wawili Yoshida, ambao sahani yao ya kwanza ya 1999 iliuzwa zaidi ya 100 000, walianza kushika shamisen wakiwa na miaka mitano. Walijifunza kwanza, wakachanganya nyuma.

Basi tukakata shauri: gitaa iingie, lakini kila kijana akae kwanza karibu na mzee mpaka apige nyimbo zake bila kukosea. Mzee akakubali. Sasa vijana wanne wanaenda kwake kila siku ya posho. Tunaogopa kitu kimoja tu: mzee wetu ana miaka mingi, na nyimbo zingali nyingi.