Safari ya Kilwa Kisiwani

Enyi vijana msomao kitabu hiki, huenda siku moja mtapenda kwenda kuutazama mji wa kale, wenye majumba ya wafalme na ngome za mawe. Nami nataka kuwaeleza jinsi nilivyoipanga safari ya namna hiyo mara mbili. Mara ya kwanza niliipanga vibaya, na kosa lilikuwa langu. Mara ya pili niliipanga vema, kwa kuwa nilikubali kufundishwa.

Mji huo ni Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Shule yetu iko bara, mwendo wa saa mbili kwa gari mpaka Kilwa Masoko, na toka Masoko mtu huvuka mlango wa bahari kwa mashua. Mlango huo si mpana. Ukisimama pwani ya Masoko waona kuta za ngome ng'ambo.

Kabla ya safari ya kwanza niliwafundisha wanafunzi wa darasa la sita habari za Kilwa muda wa juma zima. Niliwaambia ya kwamba dhahabu ya Sofala ilipita katika mikono ya wafanyabiashara wa Kilwa, na sultani wake alipiga sarafu zake mwenyewe za shaba. Niliwasimulia habari za Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliyefika huko mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifiwa mno kwa ukarimu wake. Tena niliwasomea hadithi iliyomo katika tarikh ya Kilwa, jinsi Ali bin Hassan, mtu wa Shirazi, alivyokinunua kisiwa kwa nguo nyingi zilizotosha kukizunguka. Yule mwenye kisiwa alipokea nguo akaenda zake bara, lakini moyoni alikusudia kurudi na watu wake wakati wa maji kupwa, maana siku zile mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ali akatambua shauri lile, akachimba mlango ule uwe na kina. Na yule mwenye kisiwa aliporudi akakuta maji hayapwi tena, akangoja, kisha akaenda zake kwa huzuni.

Wanafunzi waliipenda sana hadithi hiyo. Lakini mvulana mmoja alipenda jambo lingine. Alikuwa mtoto wa maskini, mkimya, ambaye kazi yake ya hesabu ilikuwa safi daima. Yeye alivutwa na Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan juu ya ukingo utazamao bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lililochimbwa ndani yake. Alichora ramani ya jumba lile katika daftari yake kwa kufuata maneno yangu tu, akaiweka rangi ya samawati mahali pa birika. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwalimu, zimesalia siku ngapi?"

Basi nikachagua siku. Nilichagua siku ya mwezi mpevu, nikisema moyoni kwamba, ikiwa tutachelewa kurudi, mwezi utatuangazia njia. Nilikodi gari, na dereva akaniambia kwamba sharti tuondoke Masoko saa tisa, maana alikuwa na kazi nyingine jioni. Nikakubali. Nikakusanya michango, nikawaagiza wazazi wafunge chakula, nikadhani nimemaliza.

Siku ilipowadia tulifika Masoko saa mbili asubuhi, wanafunzi 32 na walimu wawili, tukiimba. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mtu haruhusiwi kwenda kutazama magofu pasipo kibali, nami sikupeleka habari mbele. Tukangoja ofisini. Kibali kilipotoka, ilikuwa imekaribia saa nne. Tukashuka pwani kwa haraka, na lo! bahari ilikuwa imekwenda zake. Mahali nilipodhani nitaona mawimbi palikuwa na matope na mawe.

Nilikuwa nimepatana na nahodha mmoja tu, na mashua yake haikutosha kutuchukua sote mara moja. Hivyo ilimpasa kuvuka mara mbili. Upande wa kisiwani mashua haikuweza kukaribia nchi kavu, ikakwama mbali, nasi tukashuka majini na kwenda kwa miguu. Katika kundi la pili msichana mmoja alikanyaga kombe kali, akakatwa wayo. Nilimbeba mgongoni mpaka chini ya mti, nikamfunga jeraha kwa leso yangu, maana sikuchukua dawa wala kitambaa. Hakulia, lakini mimi niliona haya.

Tuliitazama Gereza, ngome ile iliyo karibu na maji. Tuliuona Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Kisha nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa saba u nusu. Husuni Kubwa iko mbali upande wa mashariki, zaidi ya kilomita moja kwa njia ya miguu, na msichana yule hakuweza kutembea, na dereva alikuwa akingoja. Nikawaambia wanafunzi, "Turudi mashuani."

Yule mvulana hakunena neno. Alisimama penye ukuta wa Gereza na daftari yake mkononi, akitazama mashariki. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, tutarudi?" Nikamjibu, "Tutarudi." Lakini mwisho wa mwaka baba yake alihama akaenda Kilwa Kivinje, mtoto akaacha shule yetu, na ahadi yangu ikabaki shingoni mwangu kama deni.

Siku nyingi nilijitetea moyoni, nikimlaumu dereva na nahodha. Hata siku moja nikatambua ukweli, nao ulinichoma: niliwafundisha watoto juma zima hadithi ya kisiwa kilichopatikana kwa kujua kupwa na kujaa kwa maji, wala mimi mwenyewe sikumwuliza mtu yeyote habari za maji!

Basi nilipokwenda Masoko kwa shughuli nyingine nilimtafuta mzee mmoja mvuvi, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote yaliyotupata. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ulikwenda siku ya bamvua. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Na katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Wewe ulichagua siku ile na saa ile ile!"

Nikamwuliza, "Nichague siku gani, mzee?" Akajibu, "Hesabu siku saba baada ya mwezi mpevu. Hayo ndiyo maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana."

Niliporudi shuleni niliifanya habari hiyo kuwa hesabu ya darasa. Maji huchelewa kila siku kadiri ya dakika 50. Kwa siku saba huchelewa dakika 350, yaani karibu saa sita. Basi maji yaliyopwa saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, baada ya siku saba yatapwa karibu na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yatakuwa yamejaa. Wanafunzi waliifanya hesabu ile kwa furaha kuliko hesabu zote za kitabuni, kwa maana majibu yake yangepimwa na bahari.

Mara hii sikupanga peke yangu. Kundi moja la wanafunzi liliandika barua ya kuomba kibali majuma matatu kabla. Kundi la pili lilihesabu maji ya kunywa, chakula, dawa na vitambaa. Kundi la tatu lilihesabu fedha, nasi tukatenga sehemu ya mazao ya shamba la shule kwa ajili ya wale ambao wazazi wao hawakuweza kutoa mchango. Mimi nilipatana na manahodha wawili, na dereva asiye na kazi nyingine siku ile. Tena niliandika barua moja kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipeleka Kivinje.

Asubuhi ya safari tulifika pwani ya Masoko saa mbili. Maji yalikuwa yakijaa. Na pale penye mashua alikuwa amesimama yule mvulana, amekua kimo, ana chakula chake kitamboni na daftari ile ile ya zamani kwapani. Akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Nilifika kabla ya jua."

Tulishuka kisiwani pasipo kulowa magoti. Tukawasalimu wazee wa kijiji, maana Kilwa si magofu matupu, wamo watu wanaoishi. Ndipo tukaanza na mahali pa mbali kwanza, tukaenda Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali. Mvulana alitangulia. Nilipomfikia alikuwa amesimama ukingoni mwa birika, akihesabu pande zake kwa kidole. Akahesabu mara mbili. Kisha akafungua daftari, akacheka, akasema, "Mwalimu, nilichora pande sita. Kumbe ni nane!" Akatoa kalamu akasahihisha.

Kutoka huko tulirudi Gereza, na sasa tulikuwa na wakati wa kuieleza. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Nayo Gereza tuionayo leo ilijengwa na Waarabu wa Omani karibu na mwaka 1800, juu ya masalio ya ile ya Wareno. Tukatazama pia Makutani, jumba la masultani wa baadaye. Wala sikuwaficha watoto kwamba katika bandari hiyo waliuzwa pia wanadamu; mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mapatano na sultani ili apewe watumwa kila mwaka. Wanafunzi walinyamaza waliposikia hayo, nami nikawaacha wanyamaze.

Niliwakataza kupanda kuta. Magofu haya na yale ya Songo Mnara yaliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, nayo yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Jiwe moja likianguka kwa mguu wa mtoto halirudi lenyewe.

Tulivuka kurudi saa tisa, maji yangali yakitosha, na hakuna aliyeumia.

Basi, vijana, mkipanga safari, anzeni kwa kumwuliza mtu anayekaa huko, hata kama hajui kusoma. Pelekeni habari mbele. Nendeni kwanza mahali mnapopatamani zaidi, msipaache mpaka mwisho. Na mkimwahidi mtu kwamba mtarudi, andikeni ahadi hiyo pamoja na hesabu ya maji na chakula. Maji hayamngoji mtu, lakini mtu aliyeahidiwa hungoja.