Petroli Uliyoificha Stoo

Morogoro

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umejaza madumu mawili ya petroli na kuyaweka stoo, ukuta mmoja na jikoni, ili EWURA ikitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi isikukute mikono mitupu. Hesabu yako naielewa, bodaboda ni kazi ya senti. Lakini umeokoa shilingi chache kwa lita, ukalaza petroli na watoto.

Kinachowaka ni mvuke wa petroli, nao hutoka hata kwenye baridi ya Njombe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini. Hutambaa sakafuni, ukapenya chini ya mlango mpaka kwenye jiko la mkaa, na moto hurudi kwa njia hiyohiyo hadi kwenye dumu. Sisi wa Morogoro tulizika watu zaidi ya 100 baada ya lori la mafuta kupinduka Msamvu, Agosti 2019, watu wakakimbilia kuchota. Kwa hiyo usiniambie dumu limefungwa vizuri.

Umeuliza pia kama mafuta yale uliyonunua kabla ya masika bado yanafaa. Petroli huzeeka. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowasha injini asubuhi, ndizo hutoroka kwanza. Inayobaki hukutana na hewa, taratibu ikafanya utomvu. Katika chombo cha mafuta kilichofungwa barabara, kivulini, hukaa miezi mitatu, pengine sita. Katika dumu la mafuta ya kula lililozibwa kwa nailoni (sijui nani aliwafundisha hiyo nailoni), usiitegemee hivyo. Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, nje, mbali na moto. Ikiwa na rangi ya chai au harufu ya vanishi, usiitie kwenye pikipiki: utomvu utaziba jeti ya kabureta, na fundi atakula faida yote. Ikiwa bado safi, changanya kidogokidogo na mafuta mapya mengi, na ya chini kabisa uyaache, maana maji hukaa huko.

Iliyoharibika usiimwage mtaroni wala chooni. Kaulize sheli au gereji wanapopeleka mafuta machafu.

Leo, kabla mama yako hajawasha jiko la jioni, toa madumu hayo nje. Mafuta yaliyo safi wape wenzako wa kijiweni wajaze matangi, wakurudishie pesa yako. Ukimaliza nipigie.

Mjomba wako