Kina cha Chombo

Lugha yetu imelipa neno moja mambo mawili. Kina ni ule mlio unaofunga kipande cha shairi. Na kina ni umbali wa kwenda chini, wa bahari au wa kisima. Kwa miaka mingi nimelitumia neno hilo kwa pande zote mbili bila ya kujiuliza lolote. Aliyenifanya nijiulize hakuwa mwanachuoni. Alikuwa fundi mkerezaji, mzee wa Ng'ambo hapa Unguja, ambaye hajapata kutunga hata ubeti mmoja.

Majuma mawili kabla ya mama kufariki, mwembe wa uani kwake uliangushwa na upepo wa kusi. Chini ya mwembe huo ndipo alipokuwa akichagua mchele huku akighani Utendi wa Mwana Kupona, ule uliotungwa mwaka 1858, nami nikihesabu mizani kwa vidole: nane, kisha nane, kisha nane. Skuli niliiacha mapema. Ushairi sikufunzwa na mtu mwengine, na Kiingereza ninachokitafsiri nimekiokota katika kamusi.

Basi nikalichukua gogo moja la mwembe ule, nikaenda kwa fundi na haja yangu: anikerezee chombo cha kuwekea ubani, chenye tumbo pana, mdomo mdogo na kifuniko, nacho kiwe tayari kabla ya arubaini. Wakati huo huo nilikuwa nimeanza tungo la kumlilia mama, na nia yangu ilikuwa kulisoma siku hiyo hiyo ya khitma.

Fundi aliliinua gogo, akalinusa, akalirudisha chini.

“Mwanangu, mti huu ungali na maji yake.”

Akanieleza kwa upole kwamba mti mbichi hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza huachwa ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wake. Chombo cha sentimita 20 huachiwa ukuta wa sentimita 2. Kisha hufukiwa katika maranda yake mwenyewe, kivulini, kwa miezi. Katika miezi hiyo mti hunywea, wala haunywei sawasawa: hujibana zaidi kwa kukizunguka kiini kuliko kwa kukielekea. Kilichokuwa duara huwa mfano wa yai. Ndipo hurudishwa kwenye kerezo kikamalizwa.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “arubaini haingoji.”

Akanitazama kitambo. “Haya. Mwenye msiba hagombwi.”

Nilikaa nikamwangalia. Alipokuwa kijana alijifunza kazi hii kwa uta: kamba ilizungushwa kwenye mti, uta ukavutwa mbele na nyuma, na patasi ikakata katika nusu tu ya mwendo, pale mti unapoujia ukali wake. Nusu nyengine fundi hungoja. Siku hizi anatumia mota ya umeme na mti hauachi kuzunguka, lakini nimemwona bado akiuondoa mkono kila mara, kana kwamba uta ungalipo.

Umbo la nje lilipotoka, tumbo likaviringika na msasa ukapita, nikadhani kazi imekwisha. “Sasa ndiyo kwanza,” akasema. Akatoboa katikati kwa kekee hadi kina alichokitaka, kisha akaipitisha bobari mdomoni, akaanza kuchimba kutoka katikati kwenda kandoni. Hapo jicho halina msaada. Mdomo ni mdogo, ndani ni kiza, na maranda yamejaa. Kila baada ya muda huizima mota, akayakung'uta maranda, akaupima ukuta kwa waya alioukunja mwenyewe. Baina ya vipimo hivyo husikiliza. Ukuta unapokuwa mnene, mlio huwa mzito. Unapopungua, mlio huwa mwembamba. Akiuelewa vibaya, chombo hupasuka mikononi mwake.

Chombo kiliwahi arubaini. Tungo nalo liliwahi, beti 40 kamili, na watu walilia. Siku chache baadaye, usiku, nilisikia mlio mkavu kutoka kabatini. Asubuhi nikauona ufa, umeanza mdomoni umeishia kitakoni.

Ufa wa tungo sikuusikia. Ulinichukua karibu mwaka kuuona. Nililifungua daftari nikitaka kulipeleka kuchapishwa, nikalisoma kama ninavyozisoma kazi za wengine ninapozitafsiri, neno kwa neno, nikiuliza kila neno linafanya nini pale. Vina vilitimia, vya kati na vya mwisho. Mizani haikupungua. Lakini mama hakuwamo. Nilikuwamo mimi: machozi yangu, upweke wangu, yatima mwenye umri wa miaka hamsini na ushei akijililia mbele za watu. Sikupata hata mshororo mmoja wenye mchele, wala mwembe, wala sauti yake ilivyokuwa ikishuka kila afikapo mwisho wa ubeti. Nje nilikuwa nimepiga msasa, ndani sikuchimba.

Wiki ile ile fundi aliniita. Kumbe lile gogo alilikata mapande mawili, na pande la pili alilikereza bila ya kuniambia, akalifukia katika maranda. Alinitolea chombo kinene, kizito, kimepinda kama yai. Akakifunga kwenye kerezo, nacho kikayumba mpaka patasi ilipokisawazisha. Alipofika kuchimba ndani aliniambia nisogeze sikio. Nikausikia mlio ukipanda kidogo kidogo, hadi akaiondoa bobari ilhali mimi ningethubutu kuendelea.

“Ungejuaje pa kukoma?” nikamuuliza.

“Nimevipasua vingi,” akajibu. Wala hakutaka malipo.

Chombo hicho ndicho chenye ubani wa mama leo. Tungo nimelipunguza kutoka beti 40 hadi 9, na bado sijalimaliza. Mchele umo, sauti haijaingia. Tafsiri zangu nazo nimeanza kuzifukia: naandika rasimu nene, naiweka, naiacha ipinde itakavyo, ndipo nairudia. Mhariri wa jarida hili ananijua kwa ucheleweshaji, na namwomba radhi.

Kile chombo cha kwanza sikukitupa. Nimekitungia ubeti huu mmoja:

Nilifika kiwandani, nikiwa nina haraka,
Na gogo langu begani, papo chombo nikataka,
Akaniambia, “Kwani, mti ulishakauka?”
Leo kimo kabatini, ufa ungali wacheka.