Kona ya Chini, Kushoto

Asubuhi ile barafu ilikuwa imefunika ngazi za zege za Montrose, kaskazini mwa Chicago, na Ziwa Michigan lilikuwa linafuka. Si moshi. Maji yanakuwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, basi mvuke unapanda na kugandishwa ukiwa njiani. Ilikuwa katikati ya Januari 2024, karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilikuwa nimeshapeleka oda mbili za kifungua kinywa kwa watu wasiotaka kutoka nje, kwa baiskeli (ndiyo, watu huendesha), na nilikuwa na nusu saa ya kwangu mwenyewe kabla ya oda nyingine.

Nilitua begi la chakula kwenye theluji, nikatoa kamera. Betri ya pili ilikuwa ndani ya sweta, karibu na ngozi, maana baridi humaliza betri kabla hujajua umepiga nini.

Picha ya kwanza ilikuwa mbaya kwa namna ninayoijua. Nilijifunza kupiga picha kwa simu pale Raskazone, Tanga, na mkono wangu bado unagawa kila kitu nusu kwa nusu, bahari chini, mbingu juu. Kwetu inakubali, kwa sababu ngalawa moja tu ikipita, picha imejaa. Hapa nusu zote mbili zilikuwa tupu. Ziwa hili ni kubwa kiasi kwamba huoni ng'ambo, ingawa Ziwa Victoria letu linalizidi eneo, na hilo huwa nawakumbusha wenyeji hata wasipouliza. Nikachuchumaa. Ngazi zilizoganda zikawa mstari mmoja unaoingia ndani ya picha kuelekea kusini, kwenye maghorofa ya mjini, na upeo nikaupandisha hadi theluthi ya juu.

Theluji ikatoka rangi ya majivu. Kamera haiijui theluji. Inapima kila kitu kana kwamba kina mng'ao wa wastani, kwa hiyo ukiielekeza kwenye weupe mtupu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Nikapandisha kipimo hatua moja na nusu kwa vidole visivyojisikia. Nilipiga kumi na moja, kisha kidole cha shahada kikagoma.

Nyumbani niliiacha kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ili unyevu utue juu ya plastiki na si kwenye lenzi. Saa nzima. Ilipofika saa tano hivi nilikuwa na chai mkononi na picha ya saba kwenye kioo cha kompyuta.

Ilikuwa ya bluu. Vivuli kwenye theluji huwa hivyo, kwa kuwa jua haliwafikii na wanachopata ni mwanga wa anga peke yake. Nikasogeza joto la rangi kuelekea njano, kidogo, halafu kidogo tena. Bluu ikaondoka. Barafu ikawa mchanga. Mvuke ukawa ule ukungu wa alfajiri kabla jua la kaskazi halijachoma. Mtu angeweza kuvua viatu akaingia.

Mkono wangu ulifanya yale bila kuniuliza, kama ulivyofanya kwa miaka mitatu. Picha nyingi ninazotuma nyumbani ni za kiangazi. Zile chache za baridi huzipasha moto kwanza.

Kilichobaki kilikuwa begi. Kona ya chini, kushoto: mraba mwekundu, mkanda mmoja umelala kwenye theluji. Sikuliona wakati napiga. Kulikata ni kazi ya sekunde mbili, na kwa kanuni zote ninazozijua lilipaswa kukatwa, kwani linavuta jicho na kulitoa kwenye mstari wa ngazi.

Lakini wiki ile mdogo wangu alikuwa ameniandikia kuhusu wakala mmoja wa mjini. Anataka kuacha chuo, amebakiza mwaka mmoja wa umeme, na anataka Mama akubali kuuza kiwanja alichotuachia marehemu baba kule Pongwe, ili nauli na ada ya huyo wakala zipatikane. Mama alipomuuliza ana uhakika gani na hayo maisha, alimfungulia simu na kumwonyesha picha zangu. Moja baada ya nyingine. Mama ndiye aliyenisimulia, tena kwa fahari.

Nikarudisha joto la rangi lilikokuwa. Upeo nikaunyoosha, ulikuwa umeinama kidogo upande wa kulia. Vumbi moja angani nikalifuta. Begi nikaliacha. Ukinilazimisha niseme kama fundi, picha ile ilikuwa nzuri zaidi bila begi, na bado nasema hivyo.

Nikamtumia. Kwao ilikuwa saa mbili usiku.

"Dada, hilo begi la nani?"

"Langu."

"La nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwa siku napata kiasi gani, na kodi ya chumba ni kiasi gani, namba zote mbili katika ujumbe mmoja ili asiisome ya kwanza peke yake. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha. Nikaosha kikombe, nikavaa soksi za pili, kwa kuwa oda za mchana zilikuwa zinaanza.

Kuhusu kiwanja hakusema kitu. Ujumbe wake ulipoingia nilikuwa tayari mlangoni.

"Mama kaishika simu. Anauliza, hiyo nyeupe yote ni chumvi?"