Maji ya Lini?

Nyumba ya mzee aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo Kariakoo imebomolewa, na mahali pake panapanda ghorofa. Nilipita hapo na mpwa wangu, mtoto wa dada, nikamwonyesha. Akaniuliza, "Mjomba, walikuwa samaki wa kula?"

Duka lilikuwa chumba cha mbele tu. Matangi ya kioo yenye fremu za chuma yalipangwa mpaka karibu na dari, na ukivuka kizingiti ulipokelewa na harufu ya mwani, puti na chuma kilicholowa. Mpaka leo nikiinusa harufu hiyo mahali popote, nasimama. Tulikwenda na chupa tupu za jamu, lakini mzee hakumuuzia mtoto samaki kabla ya kuyaona maji ya kwao. Ulitakiwa uyabebe kutoka nyumbani, na swali lake lilikuwa lile lile: "Maji ya lini haya, mjukuu wangu?"

Hakuuliza ya wapi. Kwa watu wa bombani kama sisi, maji yalitoka Mto Ruvu. Nimeangalia tarehe: mtambo wa Ruvu Juu ni wa 1959, wa Ruvu Chini 1976. Sisi watoto hayo hayakutuhusu. La muhimu lilikuwa maji yamekingwa lini, kwa sababu dawa inayotukinga sisi na kuhara ndiyo inayomchoma samaki matamvua. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini zibaki katika kila lita inayofika bombani. Kiasi hicho kwa mtu ni salama kabisa, na kwa samaki wengi wadogo ni kifo.

Mzee alimwaga nusu ya maji ya chupa, akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kwa nguvu, kisha akaachia na kunusa papo hapo. Harufu ya dawa ikimjia, alisema, "Bado. Kayalaze kwenye beseni, si kwenye ndoo." Beseni lina mdomo mpana, kwa hiyo klorini hupaa upesi. Wakati wa masika, Ruvu ikija na tope na mtambo ukizidisha shabu na dawa, alitaka yalale siku mbili. Baada ya mgao alikataza maji ya mwanzo kabisa, yale yanayosukuma kutu ya mabomba. Hayo yalikuwa ya kumwagilia miche. Na hata pua yake iliporidhika, alitia kwanza gapi mmoja, akavuta kigoda, akatazama vifuniko vya matamvua vinavyocheza. Vikienda mbio, alimtoa. Wateja wakubwa walisubiri nyuma yetu na hakuna aliyemharakisha.

Kisha mgao ukazidi. Watu wakachimba visima, maboza yakaingia mitaani, simtanki zikapandishwa kwenye minara. Mzee akatutoka, duka likageuka la vitenge.

Mpwa wangu naye sasa anafuga. Alinunua neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, na muuzaji akamwambia alaze maji usiku mmoja. Akayalaza kama alivyoambiwa. Wakafa wote. Maji yao ni ya kisima! Hayana klorini ya kupaa. Yana chumvi na chokaa, na hivyo havipai. Yakilala, maji ndiyo yanayopungua, chumvi inabaki pale pale. Neoni ni samaki wa mito ya Amazon, wamezoea maji laini. Maji magumu yenye chokaa wangeyaweza samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako pH inakaribia 9. Muuzaji hakumuuliza kijana maji yanatoka wapi. Alimpa mfuko wa nailoni na kichupa cha dawa ya kuondoa klorini, akapokea pesa. Hilo linaniudhi kuliko ghorofa.

Tulinunua vijiti vya kupimia. Kile cha klorini hakikubadilika rangi hata kidogo. Cha ugumu wa maji kilifika rangi ya mwisho kwenye karatasi. Mvua ziliponyesha tuliacha zioshe bati kwanza, ndipo tukakinga. Sasa anachanganya maji ya mvua na ya kisima, anapima, anaongeza ya mvua, anapima tena. Neoni nimemwambia asubiri kwanza.