Ncha Tulizoogopa Kukata



Sisi ni mafrateri wanne wa falsafa tuliopewa kazi ya kutunza maua ya kanisa. Zamani tulikuwa watano. Habari za huyo wa tano tutazifikia, lakini tuanze na maua, kwa sababu waumini wengi waliofika kusali kwenye makaburi ya mapadre Novemba iliyopita walituuliza tumefanyaje hata krisanthemamu zetu zikajaa vile.

Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza tulishindwa. Wazo lilikuwa la mwenzetu wa tano. Alikuwa amesoma kwamba huko Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Poland waumini hupeleka krisanthemamu makaburini katika sikukuu ya Watakatifu Wote na Siku ya Marehemu Wote, tarehe 1 na 2 Novemba, kwa kuwa kwao hayo ndiyo majira yake ya kuchanua. Akasema na sisi tuwapelekee mapadre wetu maua yenye mizizi, badala ya yale ya plastiki yanayopauka juani. Tukaomba ndoo tupu za rangi, masista wakatupa vipandikizi, tukapanda kwa furaha.

Hatukutoboa ndoo chini. Tukamwagilia asubuhi na jioni kama wajibu wa kusali masifu, mizizi ikaoza, na theluthi moja ya miche ikafa. Iliyopona ilipanda juu kwa shina moja jembamba, ikatoa maua mawili matatu mwanzoni mwa Septemba. Ilipofika tarehe 2 Novemba yalikuwa yamekauka. Tukarudisha ya plastiki.

Mzee anayetunza bustani ya seminari alikuwa akitutazama muda wote. Siku moja akasema, "Mafrateri, mnaionea ncha huruma." Akainama, akaikata kwa kucha ncha ya mche wetu mzuri kuliko yote. Tulikasirika, ingawa kwa heshima hatukusema neno. Wiki chache baadaye mche ule ulikuwa na matawi manne. Sababu yake tuliielewa baadaye: ncha inayokua hutoa homoni inayoyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ikiondolewa, macho yale hupata nafasi. Aristotle alifundisha kwamba mimea nayo ina roho, ile ya kujilisha, kukua na kuzaa. Tulikuwa tumelijibu swali hilo kwenye mtihani, lakini tulikuwa bado hatujawahi kuutazama mmea mmoja kwa subira.

Fumbo la pili lilikuwa ndoo iliyokaa karibu na taa ya ulinzi, ambayo huwaka usiku kucha. Mche wake ulikuwa na majani mengi ya kijani kibichi, lakini haukuchanua wenzake walipochanua. Tulipotafuta maktaba tukakuta kwamba mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mimea mingi huamua wakati wa kuchanua kwa urefu wa mchana na usiku. Krisanthemamu huchanua usiku unapokuwa mrefu. Kwetu Tanzania tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo kila usiku ni mrefu wa kutosha, na mmea hukimbilia kutoa maua ungali mwembamba. Wakulima wa maua ya biashara huwasha taa usiku ili kuuchelewesha. Sisi tulikuwa tumefanya hivyo bila kujua.

Basi mwaka wa pili tulifuata utaratibu huu, na yeyote anaweza kuufuata barazani kwake. Mwezi Mei tulikata vipandikizi vyenye urefu wa kidole, tukaondoa majani ya chini, tukavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki mbili hadi tatu vilikuwa na mizizi. Tukavihamishia kwenye ndoo zilizotobolewa, zenye udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri, mahali penye jua si chini ya saa sita kwa siku. Maji tulitia kwenye udongo, si juu ya majani, maana majani yakilala na maji hupata kutu na ukungu. Na tulitia pale tu udongo wa juu ulipokauka. Vidukari walipotokea tuliwaosha kwa maji ya sabuni. Miche ilipofika kimo cha sentimita 15 hivi tulikata ncha, na matawi yalipokua tukazikata za matawi nayo. Ndoo zote zilikaa usiku karibu na taa hadi katikati ya Agosti. Hapo tukaacha kabisa kukata, tukazipeleka pasipo na mwanga wa usiku. Ukiendelea kukata wakati vitumba vimekwisha kufungwa, unakata maua yenyewe.

Ilikuwa Julai, tukiwa katika kukata, mwenzetu alipotuambia kwamba anaacha malezi. Alikuwa amesali, amezungumza na baba yake wa kiroho na Baba Gombera, ameamua kwa amani. Sisi ndio tuliokosa amani. Siku ile mezani mmoja wetu akakumbusha habari ya mzabibu na matawi katika sura ya 15 ya Injili ya Yohane, akasema Mungu anaipogoa seminari yake ili iliyobaki izae zaidi. Sote tukaitikia kwa vichwa. Hatukujua kwamba amesimama mlangoni, begi mkononi, amekuja kuaga.

Akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye ncha?"

Hakuna aliyemjibu. Akatupa mkono mmoja mmoja, akaondoka.

Kesho yake tulirudi bustanini tukiwa kimya. Tulipomaliza tukazikusanya ncha ili tuzitupe kwenye shimo la mbolea, na mzee akatuzuia. Akachagua zile ndefu kiasi cha kidole, akazichomeka kwenye mchanga. "Hizi nazo ni miche," akasema. Hakuwa anatuhubiria, hakujua lolote juu ya maneno yetu ya mezani. Lakini tuliona aibu. Tulikuwa tumeitazama ncha kwa faida ya shina tu. Tulikuwa tumechukua neno la Bwana na kumfanya ndugu yetu takataka ya bustani, ili sisi tuliobaki tujione matawi yenye heri. Aliyeondoka hakukatwa na mtu. Aliitwa mahali pengine na Mungu yuleyule aliyetuita sisi hapa, na ubatizo wake haukubaki sakristia.

Tulimpigia simu tukaomba radhi. Ncha zile zilipopata mizizi tulimtumia tatu kwa mkono wa muumini aliyekuwa anasafiri kwenda kwao. Hakusema mengi. Mwezi Oktoba alituma picha ya ndoo mbili kwenye kizingiti cha mama yake, na ujumbe: moja imekufa, mbili zimeshika, za njano ndizo zimetangulia.

Za kwetu zilichanua wiki ya mwisho ya Oktoba. Tarehe 2 Novemba kila kaburi lilikuwa na ndoo yake, na katika sala tulimtaja pia mwenzetu aliyetuletea wazo, kwa jina lake la ubatizo, pamoja na walio hai.

Mwaka huu mkija kusali, chukueni vipandikizi. Mchanga tunao, na ncha hatuzitupi tena.